Istilahi na Ngeli Yake: Upatanisho wa Kisarufi katika Kurasa za Wavuti

Utangulizi

Kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa mbele ya dirisha la ofisi siku hizi hufanywa kwa kompyuta au kwa simu. Mwananchi huomba leseni, hulipa ada, hutazama matokeo ya mtihani na hupokea majibu ya maombi yake bila ya kuonana na karani. Katika shughuli za namna hii maandishi ndiyo karani. Yakipotoka, hapana mtu aliye karibu wa kuyafafanua kwa mdomo. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuyazungumzie maandishi ya kurasa za wavuti kwa upande wa lugha, na hasa kwa upande wa istilahi.

Mjadala juu ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili ni wa miaka mingi, na sehemu yake kubwa imehusu uteuzi wa neno. Je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Je, tutohoe au tuunde upya? Mjadala huo una manufaa yake, wala hatukusudii kuubeza. Lakini katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba, kwa jinsi kurasa za wavuti zinavyojengwa leo, neno peke yake halitoshi. Istilahi isiyotajiwa ngeli yake, wingi wake na sentensi yake ya mfano ni istilahi nusu, na nusu iliyobaki hujazwa kwa kubahatisha na mtu asiyeiona kazi yote.

Tutaeleza kwanza jinsi ukurasa wa wavuti unavyojengwa, kwa maana bila ya kuufahamu ujenzi huo hatuwezi kuliona tatizo. Kisha tutatoa mfano mmoja wa madhara yake, tutatazama njia za kuyaepuka, na mwisho tutataja wajibu wa kila mmoja wetu.

Ukurasa Unaojengwa kwa Vipande

Wavuti ilianza kama njia ya kusomea hati. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, alitoa pendekezo la kuziunganisha hati zilizomo katika kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba programu zake za wavuti zingeweza kutumiwa na mtu yeyote bila ya malipo. Ukurasa wa siku zile ulikuwa maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama za HTML ili kompyuta ijue kichwa cha habari ni kipi, aya ni ipi na kiungo cha kwenda kwenye hati nyingine ni kipi. Mfasiri aliyepewa ukurasa huo alikuwa na sentensi nzima mbele ya macho yake, kama vile mfasiri wa barua au wa kitabu.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alibuni JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Tangu hapo ukurasa ulianza kuacha kuwa hati tu, ukawa programu: hubadilika kadiri msomaji anavyobonyeza, hupokea majina na tarakimu, na hutoa majibu. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook iliitoa kwa umma maktaba ya programu iitwayo React, ambayo iliupa nguvu mtindo wa kuujenga ukurasa kwa vijenzi. Kijenzi ni sehemu ndogo ya ukurasa, mathalani kitufe, kisanduku cha tarehe au lebo ya kuonyesha hali ya jambo, inayotengenezwa mara moja na kutumiwa mahali pengi. Mfano wake ni kalibu ya matofali: fundi huitengeneza moja, naye hufyatulia matofali ya ukuta mzima. Mtindo huu umeenea sana, na maktaba nyingine nyingi za ujenzi wa kurasa huufuata.

Manufaa ya vijenzi ni dhahiri. Kosa likigunduliwa, hurekebishwa mahali pamoja na kupona kote. Kazi huenda haraka, na kurasa za ofisi moja hufanana. Hata maneno yameingizwa katika utaratibu huo. Yale yatakayosomwa na mtumiaji hayaandikwi tena ndani ya msimbo. Huwekwa katika faili lake, na kila fungu la maneno hupewa jina la kuliitia. Programu za kusaidia kazi hiyo, kama GNU gettext, zimekuwapo tangu miaka ya 1990. Mfasiri hupelekewa faili hilo peke yake, hulijaza kwa lugha yake, na ukurasa huwa umepata lugha mpya bila ya mtu kuugusa msimbo.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfasiri hapokei ukurasa. Hupokea orodha ya maneno yaliyokatwa kutoka mahali pake. Akikuta neno la Kiingereza "Open" peke yake, hana njia ya kujua kama ni amri ya kufungua au ni habari kwamba jambo liko wazi. Akikuta "New", hajui kama atie mpya, jipya, kipya au vipya. Mara nyingine hukuta sentensi yenye pengo, ambamo kompyuta itatia jina la kitu baadaye. Kwa mwenye kusema Kiingereza pengo hilo halina madhara makubwa, kwa sababu katika lugha yake maneno yanayolizunguka hayabadiliki sana. Kwa Kiswahili, jina linalotiwa katika pengo hutawala sentensi yote.

Neno Moja, Maana Nne

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi fulani imetengeneza ukurasa wa kuombea leseni ya biashara. Mwombaji huandika jina lake, hupakia picha yake, hulipa ada, kisha hutuma ombi. Baadaye hurudi kutazama lebo ndogo inayoonyesha hali ya shauri lake. Katika Kiingereza lebo hiyo ni neno moja tu, "Rejected", nalo laweza kukaa kando ya ombi, mwombaji, picha au malipo bila ya kubadilika. Mwandishi wa programu ametengeneza kijenzi kimoja cha lebo, na mfasiri ameletewa neno hilo mara moja.

Kiswahili hakina njia ya kuyasema hayo kwa kitenzi kisicho na kiambishi. Ombi limekataliwa, mwombaji amekataliwa, picha imekataliwa, malipo yamekataliwa. Mfasiri asiyejua lebo itakaa wapi hana budi kuchagua moja kati ya hizo nne. Ni rahisi achague "Imekataliwa", kwa kuwa ngeli ya I-ZI ndiyo iliyopokea maneno mengi ya kukopa, na kwa hiyo huonekana kuwa ngeli isiyo na mwenyewe. Basi mwananchi ambaye ombi lake limekataliwa hufungua ukurasa na kusoma: "Imekataliwa".

Je, atafahamu nini? Msomaji wa Kiswahili hakichukulii kiambishi hicho kuwa pambo. Kwake ni kidole kinachoonyesha. Atatazama ukurasani kuna kitu gani cha ngeli ya I-ZI, naye ataiona picha yake. Atakwenda kupigwa picha nyingine, ataipakia, atangoja. Wakati huo huo siku zilizowekwa za kukata rufani juu ya ombi lake zinakwisha. Hakuna aliyekusudia kumdanganya. Mwandishi wa programu alitengeneza kijenzi kizuri, mfasiri alitafsiri neno aliloletewa, na mwananchi alisoma Kiswahili chake sawasawa. Kosa limezaliwa baina yao, pale ambapo sarufi haikupewa mwenyewe wa kuitunza.

Kinyume chake chaweza kuwa kibaya zaidi. Tuseme mfasiri amechagua "Amekataliwa", na kilichokataliwa ni picha iliyofifia tu. Mwananchi ataelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye asiyetakiwa, naye pengine hatarudi tena.

Yafaa tuongeze kwamba si maneno yote ya ukurasa yenye hatari hiyo. Vitufe vya amri, kama Hifadhi, Tuma, Futa na Tafuta, havidai upatanisho vikisimama peke yake. Hatari imo zaidi katika maneno ya hali (imetumwa, limepokelewa), vivumishi (-pya, -ote, -ingine) na vitenzi vyenye kiambishi cha mtendwa. Swali la Kiingereza linalouliza kama mtumiaji anataka kufuta kitu laweza kukitaja kitu hicho kwa kiwakilishi kimoja tu. Sisi tuna kuifuta, kulifuta, kukifuta, kuufuta, na kwa wingi kuzifuta, kuyafuta, kuvifuta.

Umoja na Wingi Havitoshi

Waandishi wa programu wamekwisha kuitambua sehemu moja ya tatizo hili, nayo ni ya idadi. Unicode Consortium, shirika linaloratibu mfumo wa herufi wa Unicode uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, hutunza pia hazina ya kanuni za lugha iitwayo CLDR. Katika hazina hiyo kila lugha imewekewa makundi ya idadi, na makundi yote ni sita. Kiarabu hutumia yote sita, Kirusi hutumia manne, na Kijapani hutumia moja tu. Kiswahili, kama Kiingereza, kimewekewa mawili: idadi ya moja, na idadi nyinginezo.

Kanuni hiyo si kosa. Lakini mtu akiishia hapo atadhani kwamba Kiswahili ni chepesi kama Kiingereza, na kwamba sentensi mbili zatosha kwa kila jambo. Natuangalie ukurasa unaotoa habari za vitu vilivyoondolewa:

Picha 1 imeondolewa. Picha 3 zimeondolewa.
Faili 1 limeondolewa. Mafaili 3 yameondolewa.
Kiungo 1 kimeondolewa. Viungo 3 vimeondolewa.
Ukurasa 1 umeondolewa. Kurasa 3 zimeondolewa.
Mtumiaji 1 ameondolewa. Watumiaji 3 wameondolewa.

Kwa vitu vitano tu tumepata sentensi kumi, na kitenzi kimetokea kwa sura tisa. Sura moja tu, zimeondolewa, ndiyo iliyojirudia. Tena mpangilio wa maneno ni mwingine: katika Kiingereza idadi hutangulia jina, kwetu hulifuata. Mwandishi wa programu aliyeandika msimbo wa kuunganisha idadi, kisha jina, kisha neno la hali, kwa utaratibu huo huo siku zote, amekwisha kukifungia Kiswahili mlango kabla ya mfasiri kuletewa kazi.

Jambo la pili la kuangaliwa ni tarakimu. Tukiandika "watu 2" na "vitabu 2", alama ni moja, lakini msomaji husema wawili na viwili. Tarakimu huuficha upatanisho, wala hauondoi. Hesabu za moja hadi tano pamoja na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazifuati. Kwa mwenye macho jambo hili ni dogo, kwa maana atajisahihishia mwenyewe anaposoma. Lakini wapo watumiaji wasioona, ambao husomewa ukurasa kwa sauti na programu. Programu isiyofundishwa ngeli itasema "watu mbili", na msikilizaji atasikia lugha ya mgeni katika ukurasa wa serikali yake.

Jambo la tatu ni kwamba ngeli haiwezi kukisiwa daima kwa kutazama mwanzo wa neno. Kiungo na kiongozi yote huanza kwa ki-, ila kiungo kimeondolewa na kiongozi ameondolewa. Daktari, rafiki na karani hayana kiambishi cha m-, lakini yote hupatanishwa kwa a- na wa- katika kitenzi. Maneno kama seva na akaunti hayabadiliki katika wingi, kwa hiyo kitenzi ndicho chenye mzigo wote wa kuonyesha idadi: seva imezimwa, seva zimezimwa. Basi haitoshi kumwambia mwandishi wa programu atunge kanuni ya kuzitazama herufi za mwanzo. Ngeli ni habari ya kila neno, na hapana budi iandikwe pamoja na neno lake.

Njia Zilizopo

Ni faraja kwamba vyombo vya kuitunza habari hiyo vipo. Hazina ya CLDR tuliyoitaja hutupa mfano mwema katika semi za wakati. Haikuandika kipande cha "zilizopita" peke yake ili kiunganishwe na kipimo chochote. Imeandika kila kipimo pamoja na upatanisho wake: siku 1 iliyopita, siku 3 zilizopita, mwezi 1 uliopita, miezi 3 iliyopita. Kwa kuwa vipimo vya wakati ni vichache na vinajulikana, kazi hiyo ilifanyika mara moja, na sasa kila mwandishi wa programu aweza kuitumia bila ya kujua sarufi ya Kiswahili.

Tukiufuata mfano huo, tunaona njia tatu, nazo twazitaja kwa utaratibu wa ubora wake.

Njia ya kwanza ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila kitu. Badala ya sentensi moja yenye pengo la jina, ukurasa uwe na sentensi ya picha, ya faili, ya kiungo na kadhalika, kila moja ikiwa na sura ya umoja na ya wingi. Waandishi wa programu huona uvivu kurudia maneno, na katika msimbo uvivu huo ni hekima. Katika lugha sivyo. Kurudia sentensi kumi katika faili la maneno hakuongezi kosa lolote; huondoa makosa.

Njia ya pili ni kuifanya kompyuta ichague sentensi kwa kuitazama ngeli. Upo mtindo wa uandishi wa ujumbe uitwao MessageFormat, unaotumika katika maktaba za ICU, ambao huruhusu ujumbe mmoja uwe na matawi. Tawi huchaguliwa kwa idadi au kwa alama nyingine yoyote iliyoambatana na neno. Lugha za Ulaya huitumia nafasi hiyo kwa jinsia ya kike na ya kiume. Hakuna kinachotuzuia kuitumia kwa ngeli: tawi la LI-YA, tawi la KI-VI, tawi la A-WA, na mengineyo. Toleo la pili la mtindo huo lilithibitishwa Machi 2025 pamoja na toleo la 47 la CLDR. Lugha ya JavaScript nayo ina sehemu rasmi ya mambo ya lugha, iliyowekewa kanuni kwanza mwaka 2012, na tangu mwaka 2018 kanuni hizo zina pia chombo cha kuchagua kundi la idadi. Hata hivyo njia hii yadai kwamba kila jina litakaloingia katika pengo liwe limekwisha kuandikiwa ngeli yake. Pasipo habari hiyo matawi hayana kazi.

Njia ya tatu ni ya mfasiri aliyebanwa, ambaye hawezi kubadili msimbo. Huyo aweza kutunga sentensi isiyohitaji kujua ngeli ya kitu kinachotajwa. Kitenzi-jina chetu humsaidia, kwa kuwa hujitawala chenyewe: "Kufuta picha kumekamilika" na "Kufuta mafaili kumekamilika" zote ni sahihi, kwani kumekamilika hufuata kufuta. Njia hii yafaa mahali pachache, lakini ikitumiwa kila mahali huufanya ukurasa usomeke kama tangazo la bohari. Tena haiwezi kumwokoa mwombaji wa leseni, ambaye anataka kujua ni kitu gani hasa kilichokataliwa.

Upande wa Istilahi

Mpaka hapa pengine msomaji ameona kwamba lawama zimewaangukia waandishi wa programu. Lakini nasi tulio upande wa lugha tuna deni. Tukimtaka mwandishi wa programu aandike ngeli ya kila neno, ataitoa wapi?

Maneno kadhaa ya fani hii hayajatulia. Wako wasemao faili hili na mafaili haya. Wako wasemao faili hii na faili hizi. Data hupatanishwa na wengine kwa i-, na wengine kwa zi-, hata pale wanapozungumzia kitu kile kile. Wavuti husikika ikiwa wavuti hii na wavuti huu. Katika mazungumzo tofauti hizi hazina ubaya, na lugha hai haikosi kuwa nazo. Katika ukurasa mmoja uliofasiriwa na watu watatu ni aibu: juu pameandikwa faili limepakiwa, katikati faili imehifadhiwa, na chini mafaili hayajapatikana. Msomaji huanza kujiuliza kama yote hayo ni kitu kimoja.

Kazi ya kuziswahilisha programu si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili. Kazi kama hiyo huhitaji maelfu ya mafungu ya maneno, na kila fungu hudai maamuzi ambayo hayamo katika orodha ya istilahi yenye safu mbili tu, ya neno la kigeni na ya neno la Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila istilahi ya fani hii inayotolewa iandikwe kwa mambo manne: neno lenyewe, wingi wake, ngeli yake, na sentensi moja ya namna inayoonekana katika ukurasa. Mathalani:

kivinjari, vivinjari. KI-VI. Kivinjari chako kimepitwa na wakati.
faili, mafaili. LI-YA. Faili limehifadhiwa.
seva, seva. I-ZI. Seva haipatikani kwa sasa.
ukurasa, kurasa. U-ZI. Ukurasa ulioutafuta haupo.
mtumiaji, watumiaji. A-WA. Mtumiaji amesajiliwa.

Sentensi hizo si mapambo. Ndizo zinazompima mwunda istilahi kama neno lake laweza kubeba kazi. Neno linalopendeza likisimama peke yake huenda likawa zito mara litiwapo kiambishi na kitenzi, na ni heri uzito huo ugunduliwe mezani kuliko ugunduliwe na mwananchi.

Mfano huo pia watuonyesha faida moja ya kuunda maneno kwa viambishi vyetu. Kivinjari, kiungo, kitufe na kijenzi hujitangaza ngeli na hutofautisha umoja na wingi katika jina lenyewe. Maneno ya kutohoa yasiyobadilika hayafanyi hivyo. Hatusemi kwamba kutohoa kuachwe. Seva na programu yamekwisha kupata uraia. Tunasema tu kwamba neno la kutohoa ladai kutajiwa ngeli kwa uangalifu zaidi.

Mashine Zinazoandika Msimbo

Hatuwezi kuufunga mjadala huu bila ya kutaja badiliko la karibuni zaidi. Mwaka 2021 GitHub ilianza kutoa kwa majaribio msaidizi aitwaye Copilot, ambaye humpendekezea mwandishi wa programu mistari ya msimbo anapoandika. Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT. Leo mtu aweza kueleza kwa maneno ya kawaida ukurasa anaoutaka, na mashine ikamwandikia msimbo pamoja na maandishi yake, hata kwa Kiswahili.

Wapo wanaodhani kwamba mashine hizi zimeliondoa tatizo. Sisi twaona kwamba zimelihamisha. Mashine ikipewa sentensi nzima na maelezo ya mahali itakapokaa, yaweza kutoa Kiswahili kinachosomeka vizuri. Ikipewa neno moja lililokatwa, haina habari zaidi ya aliyokuwa nayo mfasiri binadamu, nayo itachagua kiambishi kimoja kwa kukisia. Tofauti ni kwamba binadamu mwangalifu husita, akauliza. Mashine aghalabu hujibu papo hapo, na jibu lake halina alama ya shaka. Zaidi ya hayo, mashine hizo zimejifunza kutokana na msimbo mwingi wenye maneno ya Kiingereza, na mtu asipoziagiza vinginevyo huenda zikajenga sentensi zenye mapengo kwa mtindo ule ule tulioueleza. Kwa hiyo umuhimu wa istilahi yenye ngeli hauwapungukii. Orodha iliyokamilika yaweza kupewa mashine kama vile inavyopewa mfasiri, na wote wawili watafanya kazi bora.

Hitimisho

Tumeona kwamba kurasa za wavuti hujengwa kwa vipande, na kwamba Kiswahili ni lugha ambayo kipande hakiwezi kujua sura yake kabla ya kujua jirani yake. Kutokana na hayo twawaomba wasomaji wetu mambo machache.

Watumishi wa serikali wanaoagiza kurasa hizi, watie katika mkataba sharti kwamba maandishi ya Kiswahili yatolewe kwa sentensi nzima, na kwamba mfasiri aonyeshwe ukurasa wenyewe kabla haujafunguliwa kwa umma. Wahakikishe pia kwamba kila ukurasa umetangaza lugha yake kwa alama ya sw ndani ya msimbo, ili programu za kusoma kwa sauti zisiusome kwa matamshi ya Kiingereza.

Wafasiri wasikubali kulijaza neno la hali wasilojua litakaa wapi. Kuuliza "ni nini kilichokataliwa?" si udhaifu wa mfasiri, ni sehemu ya kazi yake, na hapana mwingine katika mlolongo huo anayejua kwamba swali hilo lipo.

Walimu wa Kiswahili na walimu wa kompyuta wakutane. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu apewe zoezi la kuandika ujumbe mmoja kwa vitu vitano, kama tulivyofanya hapo juu, naye ataona mwenyewe kwa nini msimbo uliotosha kwa Kiingereza haumtoshi. Huyo akija kutengeneza ukurasa wa ofisi, hatahitaji kukumbushwa.

Nasi waunda istilahi tusitoe neno bila ya ngeli yake. Mwombaji wa leseni haombi lugha ya fahari. Anataka asomapo jibu lake ajue kama kilichokataliwa ni picha, ni ombi au ni yeye, na katika Kiswahili jibu la swali hilo limo katika kiambishi kimoja.